Mume wa Karatasi ya Njano

Memphis, Tennessee
9 Julai 2018

Mpendwa Bi Ernestine Oglesby,

Jina langu ni Delphine. Mimi na mume wangu Raymond tulipita mbele ya nyumba yako, nambari 1184 Mtaa wa Wexley, hapa Memphis, tukaipenda. Tungependa kuinunua. Tunalipa taslimu. Huna haja ya kutengeneza chochote, kufagia chochote wala kuondoa chochote. Hata kama paa linavuja, sisi hatujali. Tafadhali tupigie kwa nambari iliyo hapa chini.

Wako,
Delphine Rucker (na Raymond)


Pine Bluff, Arkansas
16 Julai 2018

Mpendwa Delphine,

Barua yako ilifika Jumamosi pamoja na bili ya maji. Kupiga simu sitapiga. Nisiowajua siwapigii, na wasionijua siwapokei. Mwaka jana kuna mtu alinipigia akilia, eti yeye ni mjukuu wangu na yuko rumande Mexico. Mimi sina mjukuu.

Tangu majira ya baridi nimepata barua thelathini na nane kama hii yako. Zote karatasi ya njano yenye mistari, zote za mke na mume waliopita mbele ya nyumba yangu wakaipenda. Nimeanza kudhani Mtaa wa Wexley una foleni ya wanandoa. Huwa nalowesha kidole na kukipitisha juu ya maandishi. Barua zile nyingine wino haukutoka: ni mashine. Wako umetoka, nikaenda nao kanisani kidoleni. Basi wewe ni mtu, na mtu hujibiwa.

Niambie, Raymond ni wa watu gani? Anafanya kazi gani? Mlioana lini? Nyumba ile baba yangu aliijenga kwa mikono yake, na siiuzi kwa mtu ambaye hatalala ndani yake.

Tena paa halivuji. Nani kakwambia linavuja?

Ernestine Tate Oglesby


Memphis
18 Julai 2018

Mdogo wangu Corliss,

Natumaini bado una nywele. Mama anasema huko kambini jeshi la majini limewanyang'anya simu zenu zote hadi mafunzo yaishe, kwa hiyo nakuandikia kama binti wa karne iliyopita.

Unaikumbuka ile semina ya hotelini, karibu na uwanja wa ndege? Nimeanza. Biashara yenyewe ni hii: unamtafuta mwenye nyumba aliyeichoka, hasa anayeishi mbali, mnaandikiana mkataba wa bei. Kisha, kabla siku ya kulipa haijafika, unamuuzia mkataba ule mtu mwenye fedha, kwa bei ya juu kidogo. Nyumba hununui, hata ufunguo hushiki. Unauza karatasi. Wenyewe wanaiita biashara ya jumla ya nyumba.

Kocha Tillotson ametupa mfano wa barua. Lazima iandikwe kwa mkono, karatasi ya njano, na lazima utaje mume au mke, kwa sababu, anasema, mtu mmoja hutia shaka, wawili hutia imani. Nikanyoosha mkono: "Na asiye na mume?" Akanijibu kwa kipaza sauti, "Mpe jina, dada, mpe jina!" Ukumbi mzima ukacheka. Nikampa Raymond.

Wenzangu wanachapisha. Mimi nimeandika mia mbili na kumi kwa mkono, na kidole cha kati kimeota sugu. Amejibu mtu mmoja. Kwa barua! Kocha hana somo la mtu anayejibu kwa barua.

Nimesoma falsafa miaka minne, Corliss, nusu yake nikisoma habari za ukweli, na kitu cha kwanza nilichotengeneza kwa elimu hiyo ni mume asiyekuwepo. Lakini Mama amenipa hadi tarehe thelathini Septemba. Nisipokuwa na mkataba mmoja uliotiwa sahihi, siku inayofuata naenda ofisi ya bima ya rafiki yake, kwenye lile dawati linalotazama mlango wa choo. Nililiona. Watu wakitoka wanakutazama wewe kwanza.

Dada yako,
Delphine


Kambini, Great Lakes, Illinois
Jumapili, 22 Julai

Dada,

Nina dakika kumi na mbili. Nywele zipo, ila fupi. Jumla? Sasa unauza nyumba kwa gunia? Sisi hapa tunaamshwa kwa mtu kupiga pipa la taka na rungu, na bado naona wewe ndiye uliye taabani.

Mwambie huyo bibi Raymond amefariki. Mapema, kabla hajamzoea.

Corliss

Halafu, Raymond si jina la yule daktari wetu wa meno?


Memphis
25 Julai 2018

Mpendwa Bi Oglesby,

Asante kwa kujibu. Samahani kuhusu paa.

Raymond ni wa akina Rucker wa Jackson. Ni fundi wa lifti. Tulioana mwaka juzi mwezi wa Mei, mvua ikanyesha, na keki ikabebwa chini ya mwavuli wa mchungaji. Ni mtu mkimya. Nikisoma, haniulizi ninasoma nini hadi nifunge kitabu. Akirudi kazini huvua viatu nje, maana grisi ya lifti haitoki kwenye zulia, na kabla ya kulala huzunguka kuhakikisha madirisha yamefungwa, ingawa mimi nimeshayafunga. Sijui kwa nini nakueleza haya.

Nyumba tunaipenda sana.

Wako,
Delphine


Pine Bluff
30 Julai 2018

Mpendwa Delphine,

Fundi lifti! Marehemu Oglesby aliziogopa lifti maisha yake yote. Daktari wake ilibidi ateremke ghorofa ya chini kuja kumpima.

Namtumia Raymond chupa ya achari yangu ya nyanya mbichi. Ni yake, si yako. Wewe onja tu.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya mume na mstari mmoja juu ya nyumba. Hilo limenipendeza. Lakini mwanamume anayenunua nyumba huandika mwenyewe. Mwambie aniandikie.

Ernestine


Memphis
3 Agosti

Bi Oglesby,

Mimi Raymond. Achari nzuri. Nyumba nzuri pia. Delphine ndiye mwenye maneno. Jiko nitalipaka kijani.

R. Rucker


Pine Bluff
8 Agosti 2018

Mpendwa Delphine,

Mumeo ana mwandiko wa kuku aliyevunjika mguu, lakini hapotezi wino. Jiko kijani litafaa.

Lete mkataba niuone.

Ernestine


Memphis
12 Agosti 2018

Corliss mdogo wangu,

Nimeutuma! Kurasa tatu, nilizozisoma mara tisa. Mwenye fedha nimeshampata, Bwana Haskell Pruitt, ana nyumba arobaini za kupangisha na hajalala katika hata moja. Alisema kwenye simu, "Wewe niletee sahihi ya huyo bibi, mengine niachie mimi." Aliyasema akitafuna.

Sasa nikwambie jambo na usicheke. Barua ya Raymond niliiandika kwa mkono wa kushoto, saa nzima kwa mistari miwili. Nilipomaliza nilikaa nikiitazama. Ni barua bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Haina neno la kujionyesha. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini Raymond ni mtu mwema kunishinda, na mimi ndiye niliyemtengeneza.

Nimeipaka achari kwenye mkate wa mahindi. Nimeila chupa nzima. Ilikuwa yake.

Delphine


Kambini
Jumapili, 19 Agosti

Dada,

Nilicheka. Msimamizi akaniuliza kinachochekesha ni nini, nikamwambia shemeji yangu. Nimepigishwa pushapu thelathini kwa ajili ya mtu ambaye hayupo.

Muue, Dada. Nakuomba.

Corliss


Pine Bluff
20 Agosti 2018

Mpendwa Delphine,

Mkataba nimeusoma kwa miwani na bila miwani. Hapo penye jina la mnunuzi pameandikwa: "Delphine Rucker na/au mtu mwingine atakayemkabidhi haki zake." Raymond simwoni. Huyu "mtu mwingine" namwona.

Basi niambie, mwanangu. Raymond amekwenda wapi, na huyu aliyekaa kwenye kiti chake ni nani?

Ernestine


Memphis
24 Agosti 2018

Bi Ernestine,

Raymond hayupo. Hajawahi kuwepo. Sina mume, na sijawahi kupita mbele ya nyumba yako. Jina lako nimelitoa kwenye orodha ya watu wanaolipia kodi nyumba za mbali. Barua ya tarehe tatu niliiandika mimi kwa mkono wa kushoto. Huyo "mtu mwingine" ni tajiri wa nyumba za kupangisha. Ningemuuzia mkataba wako kwa bei ya juu zaidi, na tofauti ndiyo ingekuwa riziki yangu. Hatalala ndani yake. Mimi pia nisingelala ndani yake.

Nimejaribu kuandika hapa sentensi ya kujitetea. Nimeifuta mara nne, kwa hiyo karatasi imetoboka, nawe utaona.

Chuo nilisoma vizuri. Nadhani nilitaka kuthibitisha kwamba naweza kufanya kazi ambayo watu wengine wanaifanya bila kufikiri. Imeonekana siwezi hata hiyo.

Uchane mkataba. Chupa ya achari nimeiosha, nakurudishia.

Delphine Rucker (Bi, si Bibi wa mtu)


Pine Bluff
30 Agosti 2018

Mpendwa Delphine,

Keti chini.

Nimefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye masijala ya hati za ardhi hapa wilayani. Nimegonga muhuri kwenye hati nyingi kuliko mikate uliyokula. Unachokifanya kina jina tangu zamani: ni udalali. Dalali ni kazi ya halali kabisa, na dalali hahitaji mume. Huyo kocha wenu amewafundisha kuona haya mahali pasipo na haya, na kutoona haya mahali palipo nayo.

Nilijua tangu barua ya Raymond. Nililowesha kidole: wino uleule. Na hakuna mwanamume anayekubali mwenyewe, kwa maandishi, kwamba mkewe ndiye mwenye maneno.

Mbona sikukukamata? Tangu Oglesby afe, ninaloletewa na posta ni bili, na bili haiulizi hali. Nilitaka kuona utamweka huyo mume hadi lini. Tena nilianza kumpenda. Hilo la madirisha lilinikaa.

Sasa la kwangu, nawe usinicheke. Nyumba si yangu peke yangu. Baba alikufa bila wosia. Kodi nalipa mimi, ndiyo maana mmeona jina langu, lakini nusu ni ya mdogo wangu Lucius. Anaishi ng'ambo ya barabara, 1187, hapohapo Wexley. Hatujasemezana tangu mazishi ya mama, miaka kumi na tisa. Sahihi yangu bila yake ni mapambo. Nilijua hivyo siku nilipokwambia ulete mkataba. Nilitaka tu kushika hati mkononi tena, na barua zisikome.

Kwa hiyo wewe umeniuzia mume hewa, na mimi nimekuuzia nyumba nusu. Hatudaiani.

Kama bado unaitaka kazi, nenda kwa Lucius. Akitia sahihi, nami natia.

Ernestine

Chupa ya nani tena unayoirudisha? Chupa tupu hairudishwi. Nimeijaza.


Memphis
7 Septemba 2018

Corliss,

Raymond amefariki. Siku zangu zimebaki ishirini na tatu. Sasa kuna Bwana Lucius.

Nilimkuta barazani kwake, kofia usoni, mabango manne ya "Tunanunua Nyumba" yakiwa yamelala miguuni pake. Huyang'oa kwenye nguzo za taa na kuyatumia kufunika nyanya zake jua likiwa kali.

"Kama umekuja kununua," alisema kabla sijafika ngazini, "rudi. Kama unauza, rudi mbio."

"Nimetumwa na Bi Ernestine."

Kofia ikatoka usoni. "Bado yu hai?"

"Yuko mzima kabisa."

"Najua yu hai. Kodi inalipwa." Akanionyesha nyumba ng'ambo. "Unaliona lile paa? Mimi ndiye ninayelipanda kila vuli. Nina miaka sabini na mbili. Mwulize kama anajua nani anafyeka zile nyasi. Anadhani zimeokoka, zinajifyeka zenyewe?"

"Bwana Lucius, mligombana nini?"

"Friza."

"Friza?"

"Friza la mama, lile refu la kulala. Watu wakiwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa wanakula chakula cha mazishi, mimi nikigawa sahani, yeye kaja na wanaume wanne kalipakia kwenye gari hadi Arkansas. Ndani yake mlikuwa na nusu ng'ombe wangu. Nusu ng'ombe, binti! Nilimlipia mwenyewe, amekatwa na kufungwa vizuri. Msiba wa mama nikaumaliza kwa kula maharage."

Nilimwomba sahihi. Akasema hatii mpaka dada yake amwandikie kwa mkono wake. Nikampelekea Bi Ernestine ujumbe huo. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Mimi ni mkubwa. Mkubwa haanzi."

Siwezi kulala, Corliss. Bwana Lucius yuko tayari, dada yake naye yuko tayari, na kati yao kuna barua moja tu. Barua ndicho kitu pekee ninachokijua. Mwandiko wa Bi Ernestine ninao, kurasa kumi na moja. Jana nikaiandika. "Mpendwa Lucius, nilikosea..." Ni nzuri mno. Hata mimi ningemsamehe. Ipo hapa mezani, na bahasha na stempu.

Delphine


Kambini
Jumapili, 9 Septemba

Dada,

Barua yako imenifikia upesi safari hii, nami nina dakika nane.

USIITUME. Raymond hakuwa na mtu wa kumwumiza kwa kuwa hayupo. Hawa wawili wapo.

Kama ni dawati, kaa kwenye dawati. Mimi nimejifunza kulala nimesimama, hakuna linaloua.

Corliss


Memphis
12 Septemba 2018

Bi Ernestine,

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Bwana Lucius kwa jina lako na kwa mwandiko wako. Niliibeba hadi kwenye sanduku la posta. Nilikwisha kuinua kifuniko, nikasikia ndani barua za watu zikianguka, nikarudi nayo nyumbani.

Sitaki kukufanya useme. Lakini nimekaa na maneno yenu nyote wawili muda mrefu kiasi kwamba nayasikia yakijibizana. Kama humo mna hata neno moja la kweli, ni lako. Yaliyobaki utayatupa.

Kuna jambo moja hujaliona kwa sababu uko mbali. Paa halivuji kwa kuwa yeye hulipanda kila mwaka.

Delphine


Pine Bluff
17 Septemba 2018

Delphine,

Barua yako ni mbaya sana. Umenifanya niombe radhi mara tatu katika ukurasa mmoja. Mimi sijaomba radhi tangu 1971, na ile ilikuwa kwa mbwa.

Nimefuta yote nikabakiza "Mpendwa Lucius." Chini yake nimeandika ya kwangu. Ng'ombe sikumjua. Nilifungua lile friza nimeshavuka mto, niko Arkansas, na nikaona aibu kurudi. Nikamla. Ilinichukua mwaka mzima, na kila pande lilinikwama kooni. Hayo sijamwambia hata Oglesby.

Nimeituma leo kabla sijabadili nia. Nilimkimbilia tarishi na ndara miguuni.

Ernestine


Memphis
23 Septemba 2018

Bi Ernestine,

Bwana Lucius ametia sahihi! Mkataba ni mpya, umo humu ndani. Safari hii pameandikwa wazi kwamba mimi ni dalali, ninapata kiasi gani, na kutoka kwa nani.

Ila mnunuzi kabadilika. Bwana Lucius alisema hawezi kutia sahihi kwa jirani asiyemjua, kila anayetaka aje akae naye barazani kwanza. Bwana Pruitt alikaa dakika nne akatazama saa mara tano. Alipoondoka, Bwana Lucius alisema, "Huyo hata kiti kimemchoka." Wa pili ni Cleon Askew, fundi wa paa mwenye watoto watatu, ambaye amekuwa akiweka akiba anunue nyumba bila benki. Walibishana juu ya namna ya kupigilia bati pembezoni mwa dohani kwa saa tatu. Watu walisimama barabarani. Mwishowe Bwana Lucius akaniita, "Binti, lete kalamu, huyu mjinga anafaa."

Bwana Askew ananilipa nusu ya alichoahidi Bwana Pruitt. Familia nzima italala ndani.

Mama anataka mkataba wenye sahihi zote mkononi mwake kabla ya Jumapili. Anasema maneno ameshayasikia ya kutosha.

Delphine


Pine Bluff
26 Septemba 2018

Mpendwa Delphine,

Nimelipia posta ya haraka. Mama yako atauona Ijumaa.

Lucius amenijibu, nyuma ya pakiti ya mbegu. Maneno yenyewe ni haya: "Ng'ombe nimemsamehe. Friza bado. Njoo." Nimemwambia mchungaji anitafutie nafasi kwenye basi la kanisa linalokuja Memphis wiki ijayo. Tutaonana. Usinunue keki, nitabeba.

Utaona kwenye ukurasa wa tatu kwamba mdogo wangu ametia sahihi mstari wa juu, ule ulioandikwa jina langu, akaniachia wa chini. Miaka yangu thelathini na moja ya masijala, hati yenye kosa kama hilo ningeirudisha siku ileile.

Nimetia yangu chini ya yake.

Ernestine Tate Oglesby